Moduli ya mawasiliano imebadilishwa mara mbili, na inveta bado zinajizima

Swali: Fundi wa umeme katika kiwanda cha chai upande wa Fort Portal, Uganda, anaeleza kwamba feni za vitanda vya kunyaushia majani zinaendeshwa na inveta 14 (vifaa vinavyodhibiti kasi ya mota), nazo huamriwa na PLC moja (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo) kupitia moduli ya mawasiliano ya RS-485 (laini ya nyaya mbili za data) inayotumia itifaki ya Modbus, yaani kanuni za kuulizana na kujibizana, kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde. Inveta 12 zilifungwa kiwanda kilipofanyiwa ukarabati, na mbili za mwisho ziliongezwa mwaka jana. Tangu wakati huo, mara mbili au tatu kwa wiki, na aghalabu alasiri, taa nyekundu ya moduli huwaka na inveta zote 14 hujizima kwa pamoja zikionyesha hitilafu ya mawasiliano. Umeme wa paneli ukizimwa na kuwashwa tena, kila kitu hurudi. Moduli ilibadilishwa, mpya ikafanya kazi siku nne, ugonjwa ukarudi. Ikabadilishwa tena, ikawa yale yale. Katika mipangilio ya PLC, muda wa kusubiri jibu ni sekunde 1 na kila swali lisilojibiwa huulizwa hadi mara tatu. Katika inveta, muda wa kuvumilia ukimya ni sekunde 2. Meneja anataka kuagiza moduli ya tatu. Fundi anauliza kama moduli hizi ni bandia, au kuna jambo ambalo hajaliona.

Jibu: Ndugu fundi, mwombe meneja asubiri kwanza. Wahenga walisema mjumbe hauawi, nawe umeshawaua wawili. Taa nyekundu ya moduli ya mawasiliano kwa kawaida inasema neno moja tu, kwamba kuna mtu niliyemuuliza hakunijibu. Haisemi ni nani, wala haisemi kosa ni la muulizaji au la muulizwa. Vifaa bandia vipo sokoni, sikatai, lakini moduli tatu tofauti kuugua ugonjwa mmoja, saa zile zile, na kupona kwa kuzimiwa umeme, ni dalili kwamba ugonjwa uko mahali ambapo hukubadilisha chochote.

Kuna sehemu moja ya maelezo yako ambayo ningeishika kabla ya nyingine zote, nayo ni zile tarakimu ulizoandika mwishoni kana kwamba ni nyongeza tu. Tuzipigie hesabu. Modbus ni itifaki ya zamani, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, na utaratibu wake ni kama wa darasani: mwalimu ni mmoja, naye huuliza wanafunzi mmoja mmoja kwa zamu, na hakuna anayeruhusiwa kusema bila kuulizwa. Tuseme PLC inasoma rejista nne, yaani nafasi nne za kumbukumbu zenye tarakimu, za kila inveta. Swali lina baiti 8 na jibu lina baiti 13, jumla 21. Kila baiti husafiri kama biti 11, kwa hiyo mazungumzo yote ni biti 231, ambazo kwa kasi yako hupita katika milisekunde 12 hivi. Ongeza ukimya ambao itifaki inaudai baina ya ujumbe na ujumbe, pamoja na muda ambao inveta yenyewe huhitaji kutafuta jibu, utapata kama milisekunde 25. Inveta 14 zitamaliza mzunguko mzima katika milisekunde 350, jambo ambalo ni zuri kabisa.

Sasa chukulia kwamba inveta moja tu, tuseme namba 13, imenyamaza. PLC inaiuliza na kungoja sekunde nzima, inaiuliza tena na kungoja sekunde nyingine, kisha inaiuliza mara ya tatu. Sekunde 3 zimepita, na kwa muda wote huo zile nyingine 13, ambazo ni nzima, hazikusemeshwa na mtu. Mzunguko uliokuwa wa theluthi moja ya sekunde sasa umezidi sekunde 3. Kila inveta imeamriwa kwamba ikikaa sekunde 2 bila kusikia kitu ijizime, nayo inatii. Kwa hiyo mgonjwa ni mmoja, ila wanaoanguka ni wote, na kwa kuwa wote wameanguka pamoja, macho ya kila mtu yanakwenda kwenye kitu pekee wanachokitegemea wote, yaani moduli. Nimeona mtego huu ukiwanasa watu wenye uzoefu mkubwa kuliko mimi na wewe.

Jambo la kwanza la kufanya, basi, halihitaji kipuri chochote. Punguza muda wa kusubiri uwe milisekunde 200, acha swali lirudiwe mara moja tu, na andika katika programu ya PLC kwamba inveta iliyoshindwa kujibu irukwe na kujaribiwa tena baada ya sekunde 10, badala ya kungojewa kila mzunguko. Baada ya hapo mgonjwa mmoja atapoteza milisekunde 400 tu, mzunguko utabaki chini ya sekunde moja, na wenzake hawatahisi lolote. Hii haiponyi ugonjwa. Inamvua mgonjwa shuka ili umwone. Usikubali, hata kama meneja atasukuma, kuondoa kabisa ule muda wa kujizima katika inveta. Feni ya kunyausha ikiendelea kuzunguka bila amri hasara yake ni majani kukauka kupita kiasi, lakini mazoea hayo yakihamia kwenye feni ya tanuri au mkanda wa kubebea majani, siku moja mtu atapoteza kidole. Na kitufe cha dharura kiwe na waya wake hadi kwenye inveta, kisitegemee ujumbe unaopita kwenye laini hii.

Katika programu hiyo hiyo weka kihesabio kwa kila inveta, tena si kimoja bali vitatu, kwa sababu kuna namna tatu za kushindwa na kila moja inakupeleka mahali tofauti. Ya kwanza ni ukimya: swali lilikwenda, hakuna kilichorudi. Hapo fikiria waya uliokatika, inveta iliyopoteza umeme, anwani isiyo sahihi. Ya pili ni jibu lililoharibika njiani, ambalo hesabu ya uhakiki mwishoni mwake haikubaliani na yaliyomo. Hapo fikiria kelele za umeme (msukosuko unaovuruga ujumbe), rezista za mwisho wa laini (vipande vya ukinzani vinavyozuia mawimbi kurudi nyuma), au inveta mbili zenye anwani moja zinazojibu kwa pamoja. Ya tatu ni jibu safi linalosema "siwezi", kwa mfano msimbo namba 2, ambao maana yake ni kwamba rejista iliyoombwa haipo. Ukipata hilo la tatu furahi, kwa sababu waya na moduli ni vizima. Kosa liko kwenye swali lenyewe, na mara nyingi ni lile la kuhesabu rejista kuanzia 1 wakati kifaa kinahesabu kuanzia 0. Moduli nyingi hutunza hesabu hizi zenyewe, ila watu hawazifungui.

Vilevile, siku hitilafu ikitokea tena, usikimbilie swichi. Najua majani yanangoja na msimamizi anapiga kelele, lakini dakika mbili za kutazama zina thamani kuliko wiki ya kubahatisha, na kuzima umeme kunafuta ushahidi wote. Tazama zile taa mbili ndogo za kutuma na kupokea. Kama ya kutuma inameta na ya kupokea imezima, moduli inasema na hakuna anayejibu. Kama zote mbili zinameta huku nyekundu inawaka, majibu yanakuja, nawe utazame kihesabio cha majibu yaliyoharibika. Kama hata ya kutuma imekufa, basi PLC haijaiagiza moduli iulize, nawe utazame programu au mipangilio, usiguse kebo. Rangi na majina ya taa hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo uwe na kijitabu cha moduli yako mkononi.

Tuje sasa kwenye zile inveta mbili zilizoongezwa, maana wewe mwenyewe umeandika "tangu wakati huo." Ningependa kujua kebo yao imetoka wapi. Laini ya RS-485 inapaswa kupita kama kamba ya shanga, ikiingia katika inveta moja na kutoka kwenda ya pili, hadi ya mwisho. Mara nyingi anayeongeza kifaa hutafuta sanduku lililo karibu, hufungua teminali za inveta ya katikati, na kuvuta tawi la mita 30 au 40 hadi kwenye kifaa kipya, kwa sababu kebo ni ghali na zamu inakwisha. Mawimbi ya ujumbe yakifika mwisho wa tawi hilo hurudi nyuma na kugongana na yanayokuja. Inaweza kufanya kazi miezi, hasa kwa kasi ndogo, kisha ikaanza kusumbua kelele zikiongezeka.

Halafu kuna rezista. Laini hii inahitaji rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, na inveta nyingi hubeba yake ndani, huwashwa kwa kijiswichi kidogo karibu na teminali. Zima umeme wa paneli na wa inveta zote, subiri kapasita za inveta zimalize chaji kwa dakika zinazotajwa kwenye kibandiko chake, uache plagi ya moduli mahali pake, kisha pima kwa mita baina ya nyaya mbili za data. Ukisoma karibu na omu 60, au pungufu kidogo kwa sababu ya vifaa vyenyewe, rezista ni mbili. Omu 120 maana yake imebaki moja. Omu 40 ni tatu, na omu 30 ni nne. Mimi nashuku una nne: mbili za zamani, na mbili zilizokuja na inveta mpya ambazo hakuna aliyetazama vijiswichi vyake. Laini iliyobebeshwa rezista nne hudhoofisha ujumbe. Asubuhi feni chache zikizunguka unapita, alasiri majani ya mchana yakifika na feni zote 14 zikiwashwa, kelele zinaumeza. Hiyo ingeeleza saa zako bila kuhitaji moduli bandia.

Lakini usijifunge kwenye dhana yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha sukari upande wa Busoga, ambako mawasiliano yalikuwa yakikatika kila siku kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Nilifika nikiwa na kompyuta, osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) na majivuno. Nilipima rezista, zilikuwa mbili. Nilitazama mawimbi, yalikuwa mazuri. Nilikesha usiku mzima na laini haikukosea hata mara moja. Kesho yake mchana, paneli ikiwa imepata joto, kijana mmoja wa pale, wala hakuwa fundi kamili bado, alishika waya mmoja kwenye inveta ya tisa na kuuvuta taratibu kwa vidole viwili. Ukatoka. Skrubu ilikuwa imeuma plastiki ya waya badala ya shaba, na nyuzi mbili tu za shaba zilikuwa zikigusa chuma. Usiku kukiwa na baridi ziligusa. Mchana joto likilegeza plastiki ziliachana. Tangu siku ile huwa navuta kila waya kwa vidole viwili kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, na nakuomba nawe ufanye hivyo kwenye teminali zote 14, umeme ukiwa umezimwa. Huenda hata zile siku nne za uzima zilitokana na wewe kugusa plagi ulipokuwa ukibadilisha moduli.

Kama rezista na skrubu ni sawa, tazama waya wa tatu. Watu wengi huvuta nyaya mbili za data na kusahau ule wa sifuri ya pamoja, ambayo vifaa vyote hulinganishia volti zao, wakiamini kwamba laini hii haiuhitaji. Kipokezi cha RS-485 hutambua tofauti ndogo sana baina ya nyaya mbili, hata milivolti 200 zinamtosha, lakini nyaya zote mbili zisipande zaidi ya volti 12 juu ya sifuri yake wala kushuka zaidi ya volti 7 chini yake. Paneli mbili zilizo mbali, kila moja na ardhi yake, zinaweza kutofautiana kuliko hapo mota kubwa inapowashwa. Vuta waya wa sifuri ukiwa ndani ya kebo ile ile. Kuhusu wavu wa chuma unaozunguka kebo, utasikia mabishano yasiyokwisha kama ufungwe ardhini upande mmoja au pande zote. Mimi hutumia mita ya kubana, ile inayopima mkondo kwa kukumbatia waya, kuupima, na nikikuta mkondo unapita ndani yake nafungua upande mmoja. Na kama kebo ya mawasiliano imelazwa kwenye trei moja na nyaya zinazotoka inveta kwenda kwenye mota, itenge walau sentimita 30, na pale ambapo ni lazima zipishane, zipishane kwa pembe mraba.

Nchi yetu ina jambo lingine ambalo vijitabu vilivyoandikwa Ulaya havilitilii uzito unaostahili, nalo ni radi. Si lazima ipige kiwanda. Ikipiga mlima wa pili, msukumo wake hupita kwenye kebo ndefu na kujeruhi kipande kidogo cha kupokea na kutuma ndani ya inveta. Kikifa kabisa ni heri, kwa sababu utakiona. Kikijeruhiwa nusu, inveta inaendelea kujibu, ila inaivuta laini nzima chini kama mtu aliyeegemea kamba ambayo wenzake wanaivuta. Namna ya kumpata mgonjwa huyo ni ya kuchosha lakini husaidia. Toa plagi ya data ya inveta inayoshukiwa, pima ukinzani kutoka kila teminali ya data hadi sifuri yake, kisha ulinganishe na inveta nyingine ya aina hiyo hiyo ambayo ni nzima. Nzima itaonyesha maelfu ya omu na pande mbili zinazokaribiana. Ukikuta upande mmoja una mia mbili au tatu, umempata. Kama vihesabio vyako vitaonyesha kwamba makosa hayaegemei inveta moja bali yamesambaa kwa zote, fikiria jeraha la namna hii mapema.

Umeme wa volti 24 wa moduli nao usisahauliwe, ingawa dalili zako hazinielekezi huko sana. PLC nyingi hukubali kati ya volti 20.4 na 28.8. Mita ya kawaida haitakuonyesha mshuko wa muda mfupi pale jenereta inapopokea mzigo, ila ukiiweka kwenye hali ya kushika thamani ya chini kabisa na kuiacha siku nzima, itakuambia jioni.

Ukishafika hapa ndipo uihukumu moduli, tena kwa haki. Itoe kwenye laini ndefu, uiunganishe na kompyuta ya mkononi kwa kibadilishaji cha USB na kebo ya mita moja, na uendeshe kwenye kompyuta programu inayojifanya inveta. Mashine zikiwa zimewekwa salama, PLC iulize na kompyuta ijibu kwa saa tatu au nne. Isipokosea, yaelekea moduli ni nzima. Kisha geuza jaribio: moduli ikae pembeni, kompyuta iwe muulizaji kwenye laini halisi, iziulize inveta zote 14. Kama makosa yanaonekana na kompyuta pia, hakuna moduli duniani itakayoyaondoa. Tahadhari moja hapa: watengenezaji hawakubaliani juu ya herufi A na B, na ule ambao mmoja anauita A mwingine anauita B. Ukikuta kimya kabisa kwenye jaribio la mezani, badilisha nyaya hizo mbili kabla ya kukata tamaa, hakutaungua kitu.

Na zile moduli mbili ulizokwisha kuzitoa, usiziache zitupwe. Zipitishe kwenye jaribio hilo la mita moja. Itakayofaulu, ilinganishe toleo la programu yake ya ndani na lile lililoandikwa kwenye mradi wa PLC, kwa sababu moduli yenye namba ile ile lakini toleo tofauti inaweza kukataliwa na PLC ikawasha taa nyekundu hiyo hiyo kwa sababu nyingine kabisa. Piga picha ya vijiswichi vyake, vya anwani na vya rezista, uibandike ndani ya mlango wa paneli, kisha uihifadhi moduli kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, mahali ambapo vumbi la chai na unyevu havifiki.